Wati Inayofika Hewani

Ndugu mafundi, ndugu wanafunzi, na nyinyi wazee wa redio mliokimbilia viti vya nyuma karibu na feni, habari za asubuhi.

Mnaikumbuka ile sauti. Umeweka simu juu ya redio, unasikiliza taarifa ya habari, mara spika inaanza: trrr-tit-tit, trrr-tit-tit. Sekunde moja baadaye simu inaita. Nyumbani kwetu mdogo wangu alikuwa akiisikia tu anaiwahi simu kabla haijalia, na mgeni mmoja akaondoka akiamini yule mtoto ana kitu.

Hakuna uganga pale. Ni amplifaya, ile saketi inayolipa wimbi nguvu kabla halijaenda kwenye antena, ya simu ya GSM (mtandao wa 2G), ikiwaka na kuzimika mara 217 kwa sekunde, kila inapowaka inakaa mikrosekunde 577 tu, na redio yako inayaokota yale mapigo. Simu za GSM zinapokezana zamu nane kama watu kwenye bomba la maji: hii inarusha, saba zinasubiri, kisha inarudi tena. Na katika ile zamu yake, kama mnara uko mbali, simu inarusha wati 2. Wati mbili, kutoka kwenye kibetri unachokiweka mfuko wa shati.

Tupige hesabu yake, maana leo nimekuja na hesabu, sikuja na maneno matamu. Chukueni betri ya BL-5C, ile ya Nokia za vibonye, ambayo siku hizi ipo hadi ndani ya redio ndogo na spika za mezani. Ubavuni imeandikwa 1020 mAh, volti 3.7. Zidisha, unapata wati-saa 3.8 hivi. Amplifaya yenye ufanisi wa asilimia 50, ili itoe wati 2, lazima ivute wati 4. Inavuta hivyo kwa zamu moja kati ya nane, kwa hiyo wastani wake ni nusu wati. Betri ingekupa saa saba na nusu za maongezi, kama hakuna kingine ndani ya simu kinachokula. Shusha ufanisi hadi asilimia 25, na zile saa zinakuwa chini ya nne. Mtumiaji atasema betri ni feki. Betri ya watu haina kosa.

Na kuna jambo jingine ambalo mafundi simu mnaletewa kila wiki. Mteja anasema: inaonyesha chaji asilimia 30, nikipiga tu, inazima. Unamwambia abadilishe betri, na inapona, lakini wangapi tumewahi kumweleza kwa nini? Ile zamu ya mikrosekunde 577 haivuti mkondo kwa adabu. Wati 4 kwa volti 3.7 ni zaidi ya ampea 1, na ukiongeza kinachopotea kwenye filta na swichi ya antena inakaribia ampea 1.4. Betri mpya ina ukinzani wa ndani mdogo, tuseme omu 0.15, kwa hiyo inashuka volti 0.2 na hakuna anayejua. Betri iliyozeeka ina omu 0.5. Inashuka volti 0.7 kwa mkupuo. Kutoka 3.7 uko kwenye 3.0, na saketi inayolinda simu inaona betri imekwisha, inakata. Chaji ilikuwepo kweli. Amplifaya ndiyo iliyoomba kwa pupa.

Sasa tuingie jikoni. Wanafunzi wengi wanaponiletea michoro yao, swali la kwanza wanalouliza ni transista gani. Mimi nawauliza kwanza: wimbi lako kimo chake kinabadilika, au hakibadiliki?

Redio koli ya FM, simu ya GSM, kifaa cha LoRa (redio ndogo ya kutuma data mbali kwa umeme kidogo) kinachotuma kipimo cha maji ya kisima: hizi zote habari yake imebebwa kwenye masafa au mkao wa wimbi, na kimo kinabaki palepale mwanzo hadi mwisho. Amplifaya yake unaweza kuisukuma mpaka ukutani, ikakata vichwa vya wimbi inavyotaka, ujumbe ukafika salama. Uchafu wa harmoniki, yale masafa ya ziada yanayozaliwa hapo, utauchuja mbele kwa filta. Ni bahati kubwa, na mtu akipewa bahati hiyo kisha akaweka amplifaya ya klasi A, ile inayovuta umeme muda wote, amechezea riziki.

Upande wa pili kuna 4G. Humo mawimbi madogo mengi yanatumwa kwa pamoja. Muda mwingi yanapishana, huyu akipanda yule anashuka, lakini mara mojamoja yote hupanda pamoja, kama abiria wa daladala wote wakikimbilia dirisha moja kuangalia ajali. Amplifaya inabidi iache nafasi kwa ajili ya lile tukio la nadra, na nafasi hiyo unailipia kwa betri muda wote. Waliotunga kanuni za LTE, yaani hiyo 4G, walilijua hilo. Kutoka mnarani kwenda kwenye simu wakaweka OFDMA, ndiyo hiyo ya mawimbi madogo mengi, yenye vilele virefu. Kutoka kwenye simu kwenda mnarani wakachagua SC-FDMA, ambayo vilele vyake ni vifupi. Mnara una umeme wa gridi, jenereta na feni za kupooza. Simu ina betri na shavu la mtu. Mimi napenda sana kuwaonyesha vijana uamuzi huu, kwa sababu unaonyesha amplifaya ya kwenye simu inavyoweza kuamrisha mtandao wa dunia nzima.

Sasa joto. Transista haichoki ikiwa imefungwa kabisa, kwa kuwa mkondo haupiti. Wala haichoki sana ikiwa imefunguka kabisa, kwa kuwa volti juu yake ni kidogo. Inachoka ikiwa nusu mlango: mkondo unapita na volti ipo, na ukizidisha viwili hivyo unapata joto. Klasi A inakaa nusu mlango maisha yake yote. Kwa nadharia, ikiwa kileleni kabisa, inafika asilimia 50. Klasi B inafunga mlango nusu ya muda na inafika 78.5. Klasi C inafunga kwa muda mrefu zaidi. Hizi ni namba za kileleni, na hapo ndipo watu wanapopotea njia, kwa sababu amplifaya ya wimbi lenye kimo kinachobadilika haiishi kileleni. Ikiwa inatoa sehemu ya kumi ya uwezo wake, klasi A iko asilimia 5. Tano! Klasi B iko 25 hivi. Basi ukiona karatasi ya chipu inajisifu ufanisi wa asilimia 60, tafuta palipoandikwa ni kwa wati ngapi, halafu ujiulize kifaa chako kitakuwa kwenye wati hizo mara ngapi kwa siku.

Kwa wale wa kimo kisichobadilika, kuna klasi E. Mwaka 1975 Nathan Sokal na mwanawe Alan walichapisha amplifaya ambamo transista ni swichi tu, na koili na kapasita zilizo mbele yake zimepangwa ili volti iwe imeshashuka hadi sifuri kabla mlango haujafunguliwa. Konda mzuri hafungui mlango gari likiwa mbio, anangoja lisimame. Ndivyo ilivyo. Kwa nadharia hakuna kinachopotea. (Alan huyo ndiye mwanafizikia aliyekuja kulitega jarida moja la wasomi mwaka 1996 kwa makala ya upuuzi aliyoitunga makusudi, nao wakaichapa. Hayo tutayaongea kwenye chai.) Lakini klasi E ina tabia moja ya kuogopa: volti juu ya transista hupanda hadi mara 3.56 ya ile ya betri. Betri iliyojaa ina volti 4.2, kwa hiyo transista yako inaona 15, na hapo antena ikiwa sawa. Mtu akiishika antena kwa kiganja, inaweza kupanda zaidi. Nimeunguza nyingi kwa njia hiyo, na harufu yake naijua kuliko harufu ya pilau.

Nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linakula betri kuliko klasi yoyote, na ambalo halizungumzwi kwa sababu halina jina zuri. Ni safari kutoka kwenye transista hadi kwenye antena.

Chukua karatasi. Betri ya seli moja, volti 3.6. Transista inabakiza kama 0.3 kwake, unabaki na 3.3. Unataka wati 2. Zidisha 3.3 kwa 3.3, unapata 10.9, gawa kwa mara mbili ya wati, yaani 4. Jibu ni omu 2.7. Huo ndio mzigo ambao transista inataka kuuona ili itoe wati 2 kwa betri hiyo. Antena ni omu 50. Katikati inabidi uweke koili na kapasita za kuzipatanisha, na kadiri zinavyotofautiana ndivyo umeme unavyozunguka ndani ya koili mara nyingi kabla ya kutoka, na kila mzunguko unaacha joto. Kwa omu 2.7 kwenda 50, hatua moja, namba ya mzunguko ni 4.2. Ukitumia koili ndogo ya bei rahisi ambayo ubora wake, ile Q, ni 30, unagawa 4.2 kwa 30: asilimia 14 imekwisha njiani. Ukitumia koili nzuri ya Q 80, unapoteza 5 tu. Koili ya waya wa shaba uliosokotwa juu ya kalamu, ikiwa nafasi ipo kwenye boksi, mara nyingi inaishinda ile punje ya dukani.

Na sasa tazama kwa nini redio koli za mkononi nyingi zina betri ya volti 7.4, seli mbili, wakati simu ina moja. Wati 2 zilezile kwa volti 7.4: transista ibakize 0.5, ubaki na 6.9, mzigo unakuwa omu 12. Namba ya mzunguko inashuka hadi 1.8, na kwa koili ileile mbovu ya Q 30 unapoteza asilimia 6. Seli ya pili imekulipa kabla hata hujahesabu chaji yake.

Kuna mtu ataniuliza Doherty, namwona tayari ameshika daftari. William Doherty wa Bell Laboratories, mwaka 1936, alitengeneza amplifaya mbili zinazosaidiana, moja inafanya kazi siku zote na ya pili inaamka kwenye vilele tu. Ilikuwa ya mitambo mikubwa ya utangazaji, na leo wazo hilo lipo kwenye minara ya simu. Kwenye kifaa cha mkononi ni gumu, kwa kuwa zile mbili zinategemea mzigo usiotikisika, na mkono wa mtu unautikisa kila dakika. Simu za 4G zilifuata zaidi njia nyingine, ambayo ni jamaa ya lile wazo la Leonard Kahn la mwaka 1952: kuipandisha na kuishusha volti ya amplifaya kadiri wimbi linavyopanda na kushuka. Kama chemli, huwezi kuacha utambi juu usiku kucha eti kwa sababu kuna wakati utahitaji kusoma. Njia nzuri. Lakini ile saketi inayoshusha volti nayo inakula, na kwa kifaa kinachorusha miliwati 25 mara chache kwa saa, unanunua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Msiniletee tena kwenye vifaa vya kisima.

Sasa niwape aibu yangu, maana nimeahidi waandaaji nitaieleza.

Niliombwa na nahodha mmoja wa kisiwa cha Mafia nimtengenezee kifaa cha kuonyesha mashua yake iko wapi. Kinasoma mahali kwa GPS, kinarusha wati 1 kwa sekunde moja kila baada ya dakika tano, kwenye masafa tuliyokuwa na kibali chake. Betri moja ya 18650, ile seli ya lithiamu ya mviringo, 3000 mAh. Kimo hakibadiliki, kwa hiyo nilikuwa na ile bahati niliyowaambia. Nikapima mezani: ufanisi asilimia 55. Nikafurahi, nikapiga picha namba ile kwenye mita. Hesabu yangu ilisema amplifaya inavuta karibu nusu ampea kwa sekunde moja kati ya 300, wastani wake miliampea 1.6. Ukiiachia betri yote, inafika miezi miwili na zaidi.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, dude lako limelala."

Nikasema maji ya chumvi yameingia. Nikafungua, pakavu. Nikasema betri ni ya magendo, nikaweka nyingine niliyoipima mwenyewe. Siku ya tatu, kimya. Nikapitia solda zote kwa lenzi. Wiki nzima imekwenda, na nahodha hanigombezi, ananiuliza tu kama nimekula, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mwisho nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefanya asubuhi ya kwanza. Nikaweka mita katikati ya betri na bodi, kifaa kikiwa kimelala, hakirushi kitu. Mita ikasoma miliampea 41.

Geti ya transista, yaani mguu unaoamrisha mlango wake, nilikuwa nimeilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri. Amplifaya yangu ilikuwa imekaa nusu mlango usiku na mchana, ikingoja sekunde yake moja, kama mlinzi anayeacha injini ya gari ikiunguruma tangu jioni ili apate kuliwasha haraka alfajiri. Miliampea 41 za kungoja dhidi ya 1.6 za kazi. Kuruhusu ule mkondo wa kungoja hata hakukuwa na sababu, wimbi langu halikuhitaji unyoofu, yaani kukuzwa bila kimo chake kupotoshwa. Dawa ilikuwa waya mmoja: geti ikalishwa na pini ya chipu, inawaka muda mfupi kabla ya kurusha, inazima mara tu baada ya hapo.

Lakini nilishaingiwa na wasiwasi, nikaanza kufuatilia na zile asilimia 55. Nilizipima kabla ya filta. Filta yenyewe, kwa koili nilizopata kwa haraka, ilikuwa inapoteza desibeli 1.1, ambayo ni asilimia 22. Hamsini na tano zikawa 43. Nikaenda Mafia kuiona antena. Nahodha, kwa usafi wake, alikuwa ameifunga kando ya injini ili isimsumbue. Chuma kimeizunguka, nikapima: robo ya nguvu inarudi nyuma. Arobaini na tatu zikawa 32 hivi, na hapo bado amplifaya yenyewe inabadilika tabia ikiona mzigo usio wake. Ile picha ya mita ninayo hadi leo.

Tukaipandisha antena juu ya mlingoti, mbali na injini. Kuipandisha kule kuliongeza mawimbi ufukweni kuliko chochote nilichowahi kufanya ndani ya boksi, kiasi kwamba wati 1 haikuhitajika tena. Nikashuka hadi nusu wati. Hapa msifanye kosa la kupunguza tu kwa programu, amplifaya ileile ya wati 1 ukiifanyisha kazi ya nusu, ufanisi unaporomoka. Nikaipanga upya. Kwa nusu wati mzigo wa transista unakuwa omu 11, na kama mlivyoona kwenye karatasi, omu 11 kwenda 50 ni safari fupi: namba ya mzunguko haifiki 2. Koili zikapungua joto, filta nikaisokota mwenyewe. Nikapima upya, safari hii kwenye kiunganishi cha antena, nikiwa nimehesabu kila kitu kinachotoka kwenye betri. Zaidi ya nusu ilikuwa inafika pale. Mkondo wa wastani wa amplifaya ukashuka chini ya miliampea 1, na ghafla GPS, ambayo sikuwahi kuifikiria, ikawa inakula karibu nusu yake. Siku nyingine nitawahutubia kuhusu GPS.

Kifaa kilikaa wiki kumi. Baada ya hapo nahodha alipiga tena. Nikajua yamerudi yaleyale, nikaanza kuomba radhi kabla hajasema. Akanikatiza: hakuna ubaya, ila amekaa muda mrefu bila kuchaji hata chaja hajui ameiweka wapi, je, naweza kumpelekea nyingine kwa boti ya Ijumaa?

Bodi ya kwanza nimekuja nayo, ipo hapa mezani, na ule mstari wa shaba wa kwenye geti nimeuzungushia wino mwekundu. Sogeeni muione, na mita ipo pembeni.